Gari Lisilo na Tabia Mbaya

Mimi gari nalijua. Nililijua kwanza kwenye karatasi, katika madarasa ya jioni hapa Mbeya, ambako watu wazima tulikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakiwa usawa wa masikio, tukisaka cheti cha kidato cha nne ambacho ujana wetu ulikipita bila hata kukisalimia. Fizikia iliponikubali, nikaazima kitabu cha ufundi wa magari. Nikakisoma mara tatu. Mara ya tatu nilikuwa nakisahihisha. Mtaani kwetu Ilomba nikawa mtu wa kuulizwa: gari la jirani likikohoa, naitwa nisimame kando ya boneti nitikise kichwa. Nilikuwa natikisa vizuri sana, mpaka mafundi wengine walikuwa wanakuja kujifunza.

Kwa hiyo dada yangu alipouza ng'ombe wake wa maziwa, wote watatu, ili apate gari la kupanda mlima, hakutafuta fundi. Alinipigia simu mimi.

Dada ni mkubwa kwangu kwa miaka tisa, na analima viazi juu kabisa, milima ya nyuma ya Mbeya, mahali ambapo mawingu huingia ndani kwa mlango wa jikoni na kutokea wa sebuleni. Mvua ikinyesha, barabara ya kwao si barabara tena, ni kipande cha sabuni. Malori hukomea chini. Anayefika juu ni dalali mmoja tu wa viazi, mwenye gari lenye nguvu, na kwa kuwa anafika peke yake, bei anapanga peke yake. Asipopenda sura ya viazi, au sura ya mwenye viazi, anashuka na gari tupu. Msimu uliopita lundo la dada lilioza chini ya majani mpaka harufu ikafika kanisani katikati ya mahubiri. Ndipo alipowauza ng'ombe. Wale ng'ombe ndio waliosomesha watoto wake. Tukikosea gari, atabaki hana maziwa, hana usafiri, na viazi vikiwa palepale vinaoza. Alilisema hilo mara moja tu, kwenye simu, kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi. Mimi nililisikia kila siku kwa miezi miwili.

Na miezi hiyo miwili tulizunguka. Tulianza Iyunga, kando ya barabara kuu, tukaangalia magari mpaka wauzaji wakawa wanatukaribishia viti. Nilijifunza jambo moja ambalo kitabu hakikuliandika: kila gari kuukuu la Nyanda za Juu Kusini liliwahi kuwa la misheni. Lile liliendeshwa na padri, tena Jumapili tu. Hili lilikuwa la mchungaji mzungu aliyeogopa mashimo. Ukiyajumlisha, misheni zilikuwa na magari mengi kuliko waumini. Gari moja la padri nililifunulia zulia nikakuta kiazi kimechipua, kina majani mawili, kimeshakata tamaa ya kuvunwa. Muuzaji alikitazama kama amekiona kiumbe kutoka mwezini. Jingine lilikuwa na chesisi ya rangi mbili, na katikati zilipokutana palikuwa na mshono kama wa mtu aliyefanyiwa upasuaji. Dada alivuta kitenge, akageuka, na mimi nikamfuata nikitikisa kichwa changu cha kitaalamu.

Siku moja dalali wa magari akapiga simu kutoka Iringa. Kuna mkonga, alisema, yaani lile gari la zamani lenye bomba la kuvutia hewa lililopanda pembeni ya kioo kama mkonga wa tembo, liko Kalenga kwa mzee mmoja mstaafu. Mzee alikuwa dereva wa misheni, na alipostaafu wakamuuzia gari alilokuwa analiendesha. Safari hii misheni ilikuwa na shahidi. Halafu dalali akamalizia kwa mbwembwe: mama, hii gari haina hata tabia moja mbaya.

Dada akakata simu.

"Huyo anatudanganya," akasema. "Kesho twende."

Nikamuuliza, kama anajua ni uongo, nauli ya Iringa ya nini. Akaniambia wale wa Iyunga alijua wanaficha nini hata kabla ya kufika, ila huyu hajui, na anataka kujua.

Ndani ya basi akanieleza vizuri. Kwao mlimani, anayeuza ng'ombe hutaja tabia moja mbaya ya mnyama wake kabla hajapokea chochote. Huyu anapiga teke ukimkamua kwa mkono wa kushoto. Huyu anavunja ua. Huyu hatoi maziwa bila kuimbiwa. Mnunuzi akisikia tabia, ndipo anakaa chini waanze kuongea. Akiambiwa mnyama hana tabia yoyote, anashukuru kwa uji na kwenda zake. Katika maisha yake dada alinunua ng'ombe mmoja tu asiye na tabia, wakati huo bado msichana, na ng'ombe yule alikufa kabla ya mwezi kuisha, bila tabia vilevile. Mimi nikamwambia kwa upole wa msomi kwamba gari ni mashine, lina mfumo wa mafuta, wa hewa na wa umeme, na mwenye kitabu anaupima mmoja mmoja. Akasema sawa, upime. Akalala kutoka Chimala mpaka Mafinga.

Dalali alitutaka tufike kwa mzee saa nne asubuhi. Dada akasema saa nne gari litakuwa limeshaoga na kunyoa. Tukalala Iringa mjini, na saa kumi na mbili na nusu asubuhi tulikuwa tunashuka kwenye bajaji Kalenga, mbele kidogo ya makumbusho. Baridi ya Iringa mwezi wa saba siwezi kuisimulia kwa mtu wa pwani, atadhani namtusi. Nilikuwa nimevaa makoti mawili, na bado meno yangu yalikuwa yanafanya mazoezi ya kwaya. Pumzi zetu zilitutangulia njiani, sisi tukazifuata.

Gari lilikuwa uani, chini ya mparachichi, rangi ya maziwa yaliyokaa sana. Paa lilikuwa limelowa umande, milango imelowa, vioo vimelowa. Boneti lilikuwa kavu. Nikaweka kiganja. Lilikuwa na joto la chapati iliyofunikwa kwenye sahani.

Nikamkonyeza dada, kwa furaha ya askari aliyemkamata mwizi na kuku mkononi. Kitabu kimesema wazi: injini iliyopashwa kabla mnunuzi hajafika ina siri yake. Lakini dada hakuwa analitazama boneti. Alikuwa anatazama chini. Chini ya tumbo la gari udongo ulikuwa umefagiwa, mistari ya ufagio ikiwa bado mibichi.

"Nani anafagia chini ya gari saa hizi?" akaninong'oneza.

Mzee akatoka, mrefu, koti la sufu mpaka kwenye ndara. Hakushtuka, au alishtuka ndani kwa ndani. Tukasalimiana kamwene, kamwene, habari za kwenu, za safari, za mashamba, za baridi, na tulipomaliza salamu jua lilikuwa limeshapanda kidogo. Mimi akaniita bwana mdogo, japo kichwani nina mvi za kutosha kijiji kizima. Kuhusu joto la boneti alikuwa na jibu tayari: alfajiri alipeleka maziwa barabarani, ndiyo kwanza amerudi. Dada akaitikia kwa heshima zote, huku macho yake yakienda nyuma ya matairi. Nikayafuata. Majani ya pale yalikuwa yamejaa umande, hayajakanyagwa hata na sisimizi.

Basi nikavua koti moja, nikaanza kazi. Nataka niseme ukweli: sijawahi kuona gari likikaguliwa hivyo, hata na mimi mwenyewe. Nilipitisha sumaku mabati yote kutafuta mahali palipozibwa udongo wa fundi na kupakwa rangi. Sumaku ikang'ang'ania kila sehemu kama mtoto kwa mama yake. Nilichokoa chesisi kwa bisibisi kusoma matope, maana matope ni shajara ya gari. Nikakuta udongo mwekundu wa Iringa mtupu, hakuna mweusi wa Rungwe, hakuna unga wa mbao. Nilinusa oili, nikaisugua katikati ya vidole, nikatamani hata kuilamba. Nililala chali chini ya injini kwa muda ambao mtu mwingine angeanza kulipia kodi. Hakuna tone. Gari la umri ule linapaswa kulia kidogo mahali fulani, kama mzee yeyote, na hili lilikuwa kavu. Lile la kiazi nililielewa. Hili lilinitisha.

Tukaliwasha. Likashika kwa mguso wa kwanza, moshi mwembamba, hauna bluu ya kula oili, hauna weusi wa kula dizeli. Mzee akatupandisha kilima cha nyuma ya kijiji, akaingiza gia ya kuvuta kwa matairi yote manne, likapanda kwenye mawe kwa utulivu wa mtu anayepanda kitandani. Nikasikiliza klachi, nikasikiliza difu, nikatoa sikio dirishani mpaka likafa ganzi. Hakuna kitu. Nilirudi uani nimekasirika.

Mke wa mzee alikuwa amesimama mlangoni. Aliponitazama usoni akaziba mdomo kwa khanga, na mimi nikadhani ni haya ya kizamani mbele ya mgeni.

Dada alikuwa amekaa kwenye kigoda muda wote huo, mikono ndani ya kitenge. Akaniuliza nimeona nini. Nikamwambia sijaona kosa, na ndiyo maana simwamini huyu mzee. Akainuka, akaenda akasimama mbele yake.

"Baba, gari nimeliona, ni zuri. Sasa niambie tabia yake."

Mzee akasema halina tabia. Akasema ameliendesha tangu likiwa na harufu ya dukani, amelipeleka Pawaga kwenye joto na Makete kwenye barafu, na halijawahi kumlaza njiani. Dada akauliza tena, kwa sauti ya chini zaidi, na mzee akajibu vilevile, lakini safari hii alikuwa analiangalia gari, si sisi.

Dada akakaza fundo la kitenge. "Asante kwa kutupokea, baba. Tunarudi Mbeya."

Mke wa mzee akakataa. Mgeni aliyefika na baridi ile haondoki na tumbo tupu kwake, hata kama hanunui hata yai. Akamshika dada mkono, wakaingia jikoni, na mimi nikabaki na mzee tukitazamana juu ya habari za mvua. Nilitumia nafasi hiyo kumtega. Nilimuuliza mambo ya kitaalamu kwa maneno niliyoyachanganya makusudi, na mzee akanijibu kila moja kwa usahihi, mpaka nikaona bora turudi kwenye mvua.

Dada akatoka jikoni amebeba jiko la mkaa. Alilishika kwa vipini vyake viwili kama mtu aliyebeba kikapu cha sadaka, akaliweka chini mbele ya miguu ya mzee. Ndani kulikuwa na majivu yenye uvuguvugu. Ukingoni kulikuwa na matone meusi yaliyokaukia, mengi, ya siku nyingi, na hata mimi niliyajua: oili ya injini, inayodondoka tu ikipashwa moto.

"Mama anapikia kuni," akasema dada. "Mafiga matatu, sufuria zote zina masizi ya kuni. Hili jiko linapika nini?"

Nikapiga magoti, nikaingiza kichwa tena chini ya gari. Bakuli la oili lilikuwa limepakwa masizi kama kitako cha sufuria ya maharage. Niliyaona mara ya kwanza, tena nilikuwa na muda wa kutosha, nikayaandika kichwani kuwa ni uchafu wa kawaida wa moshi. Niliposimama nikajitazama kwenye kioo cha pembeni. Pua yangu yote ilikuwa nyeusi. Nilikuwa nimezunguka na ushahidi katikati ya uso kwa saa nzima, nikiwauliza watu maswali makali.

Mkewe ndiye aliyesema, akiwa amerudi mlangoni:

"Mwambie, baba. Mimi nimechoka kununua mkaa wa gari."

Ndipo mzee akaeleza, na alieleza akiwa ameshika mlango wa gari. Tangu miaka kadhaa nyuma, baridi ikishika, haliwaki mpaka lipashwe tumbo. Unalijaza jiko mkaa, unalisukuma chini ya bakuli la oili, unachemsha chai, unainywa bila haraka, kisha unawasha. Wakati wa joto halina neno. Kila asubuhi ya miezi ya baridi amefanya hivyo, akafagia majivu ili majirani wasione, maana alikuwa dereva mkubwa, vijana wa udereva wa wilaya nzima walipita mikononi mwake, na hakutaka isemwe kwamba gari lake linawashwa kama chungu. Angeendelea nalo hata hivyo. Lakini kulisukuma jiko lazima uchuchumae, na kulitoa lazima uchuchumae tena.

"Gari ni zima, mama," akasema. "Magoti yangu ndiyo yamekataa."

Mimi nilimvuta dada nyuma ya mparachichi. Nilikuwa na furaha isiyo na aibu. Nikamwambia tumempata, sasa tuondoke kwa heshima. Nikamweleza kwamba hilo si suala la jiko, ni mgandamizo wa injini uliolegea, pistoni zimekula kuta, na kulitengeneza ni kununua nusu ya gari jingine. Nikamkumbusha kwamba kwake kuna baridi kuliko Kalenga. Nilisema mengi, tena kwa mpangilio. Alinisikiliza mpaka mwisho, akashika ncha ya kitenge, akanifuta pua.

"Wa Iyunga alikuambia nini?"

"Kwamba halina kosa."

"Na wa kiazi?"

"Kwamba halina kosa."

"Huyu amesema," akasema dada. "Sasa ndiyo tunanunua. Ila kwanza nione kama amesema lote."

Aliomba kitu kimoja: funguo. Gari lilale bila kuguswa, na asubuhi tuliwashe bila jiko, aone ugonjwa wenyewe unavyofanana. Mzee akampa funguo bila kusita, na dada akazifunga kwenye fundo la kitenge. Mimi, kwa kuwa dunia naifahamu, nilibandika kipande cha karatasi kwa mate kwenye ufa wa boneti, mahali ambapo lazima kichanike likifunguliwa, na kingine chini, pale ambapo jiko lingepita. Mzee aliniona. Akaniuliza kama nahitaji gundi.

Asubuhi iliyofuata karatasi zilikuwa mahali pake, zimelowa umande. Boneti nalo limelowa. Nikakaa kwenye usukani, nikazungusha ufunguo. Likakoroma. Nikazungusha tena, likakoroma kwa masikitiko, na moshi mweupe ukatoka nyuma ukafunika nyumba mpaka jogoo akaacha kuwika akidhani kumekucha vibaya. Mara sita. Haliwaki. Nikamtazama dada nikitegemea uso wake umesawajika, na nilimkuta ametulia kabisa, kama mtu anayepima maziwa kwenye kikombe.

Jiko likaletwa. Dada mwenyewe ndiye aliyechuchumaa kulisukuma. Tukanywa chai na viazi vitamu ukutani kwenye jua. Na hapo jambo la ajabu likatokea, maana mzee, baada ya kusema lile moja, alishindwa kunyamaza. Akasema mlango wa nyuma usipigwe, unyanyuliwe kwanza. Akasema geji ya mafuta ni mwongo, ikionyesha nusu ujue ni robo. Akasema honi hulia yenyewe ukikata kulia ghafla, na kwamba amewahi kusamehewa na watu wengi sana njia panda ya Ipogolo. Akasema tairi la akiba ni la gari jingine. Mimi nilikuwa naandika kwenye daftari, nikajaza kurasa mbili, na kadiri nilivyoandika ndivyo nilivyozidi kumshuku: mtu gani anaungama namna hii, kama hataki kutuchosha tusiulize la maana? Dada kila tabia aliyoisikia alikuwa anachangamka, anauliza, anacheka na yule mama. Chai ikaisha. Nikazungusha ufunguo.

Likashika kwa mguso wa kwanza.

Tuliandikishana kwa mwenyekiti wa kijiji, na mzee akatupa jiko lenyewe. Alipanda gari mara moja ya mwisho, si kuliendesha, akakaa tu kwenye kiti cha abiria, akatuelekeza kwa kidole mpaka tulipotoka lango la uani. Akashuka. Nikamwona kwenye kioo anautazama mparachichi.

Kutoka Iringa mpaka Mbeya nilisimamisha gari mara tisa. Mafinga nilisikia mlio, nikashuka, ulikuwa mlio wa lori la mbao. Makambako nilinusa kitu kikiungua, palikuwa na mama anachoma mahindi. Igawa nililala chini kabisa kwenye lami. Dada akaanza kuniambia kwamba kwa mwendo ule viazi vitafika msimu wa mjukuu wake. Mlima Nyoka nilikaza mikono kwenye usukani, nikisubiri joto la injini lipande. Mshale haukusogea. Nikamwambia dada huenda na geji ya joto nayo ni mwongo. Akasema mzee angesema.

Siku chache baadaye nilimleta fundi wa Iyunga ninayemheshimu. Akasikiliza habari ya jiko, akacheka mpaka akakaa, kisha akasema tuifungue injini. Dada akakataa katakata. Alimwambia fundi kwamba tabia hii anaijua, inamgharimu mkaa na chai, na akimfungua mnyama wake atamtoa hii na kumpa nyingine ambayo hakuna atakayemwambia. Fundi akanitazama. Nilitikisa kichwa, lakini safari hii sikujua nimekitikisa upande gani.

Mvua zikaja. Barabara ikawa sabuni yake ya kila mwaka. Asubuhi ya mzigo wa kwanza kulikuwa na ukungu mzito, na juu kule hata wakati wa mvua baridi haiendi likizo. Nilimkuta dada ameshasukuma jiko na ameshakunywa chai yake. Tukapakia magunia ya viazi mpaka springi zikanyooka. Dalali wa viazi alikuwa amesimama kando ya gari lake pale kwenye uwanja wa shule, amefika mapema kama kawaida, na akapunga mkono akimwita dada waongee bei. Dada akamsalimia vizuri sana. Akamuuliza habari za nyumbani. Akapanda.

Tuliteremka kwa gia ya kwanza, matairi yote manne yakivuta, matope yakipanda mpaka dirishani. Mahali pawili gari liliteleza ubavu na moyo wangu ukateleza zaidi, likajishika. Nilisikiliza kila kitu. Nina hakika nilisikia hata viazi vikipumua. Tulipogusa lami nilikuwa nimelowa jasho katika baridi ile, na dada alikuwa anaangalia mashamba ya watu na kutaja nani amepalilia na nani hajapalilia.

Sokoni Mbeya wachuuzi walitujia kabla hatujasimama. Mmoja akataja bei, wa pili akataja yake. Nikamwambia dada auze upesi kwa yeyote, injini naiacha inaunguruma, maana nikiizima na ikikataa tutaaibika mbele ya soko zima. Nilimwambia kwamba mzee alisema habari ya baridi, lakini hakusema kitu juu ya kuzima katikati ya mzigo, na mtu akikaa kimya juu ya jambo ana sababu.

Dada alifungua mlango, akashusha mguu mmoja, akawatazama wale wachuuzi wote waliokuwa wanamsubiri.

"Zima," akasema. "Leo nitaongea taratibu."

Nikazima. Akaenda, akakaa juu ya gunia, akaanza kwa kuuliza habari za watoto wao.